Ulanzi Haungoji: Siku Tano Nyanda za Juu Kusini

Siku ya kwanza, Jumatano. Dodoma hadi Iringa

Baba ana ekari mbili za zabibu Hombolo, Dodoma, na mimi nimekulia chini ya mizabibu hiyo. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na kisha mwezi wa nane hadi wa tisa. Sasa hivi, Februari, matunda yameanza kubadilika rangi na kazi kubwa ni kufukuza ndege. Ndiyo maana nilishangaa Baba aliponiita uani wiki iliyopita, akaniambia niache shamba siku tano niende Iringa kufuata ulanzi, kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi iitwayo milanzi.

"Milanzi inatoa sasa," alisema. "Mvua ikikatika hutapata kitu. Niletee ulanzi, mwanangu, lakini uwe wa asubuhi."

Miaka ya sabini Baba alikuwa utingo wa lori la mbao kutoka Mafinga. Anasimulia baridi ya Sao Hill, matope, na kikombe cha ulanzi alichopewa na mama mmoja kando ya barabara asubuhi moja ya mvua. Maisha yake yote tangu hapo ameyatumia kwenye zabibu, na waini nzuri anaijua hasa, ila kikombe kile hajakisahau. Sasa amevuka sabini na magoti hayamruhusu basi la mbali. Nikafunga begi.

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Dodoma mpaka Iringa ni kama kilometa 260, lami tupu. Nusu ya kwanza ni mibuyu, mbuzi na jua. Mtera tulisimama juu ya bwawa, wauza samaki wakatuzunguka na perege wa kukaanga kwenye beseni. Nilinunua wawili, nikala nikitazama maji ya Ruaha Mkuu yaliyotulia kama shuka. Ukuta huu unazalisha megawati 80 za umeme, na ukishavuka tu umeingia Mkoa wa Iringa. Nchi bado ni kavu, lakini subiri Nyang'oro. Basi linaanza kupanda mlima kona kwa kona, masikio yanaziba, na ukifika juu mtu wa kwanza kufunga dirisha ni yule aliyekuwa akilalamikia joto Mtera.

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya Februari inataka sweta. Nilipopata chumba cha kulala nilitoka kutafuta ulanzi. Nilielekezwa kilabu kimoja, nikaletewa ujazo wa lita kwenye kopo la plastiki. Niliunywa kama ninavyoonja waini nyumbani, nikinusa kwanza, kisha funda dogo la kuzungusha mdomoni. Harufu ilikuwepo kwa mbali. Ladha ilikuwa sukari ya dukani juu, maji katikati, na chini hakuna kitu.

Niliumia, nasema kweli. Tuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini katika hili mgema nadhani tunamwonea. Ulanzi ukitoka porini unapita mikono mitatu au minne kabla ya kunifikia mimi, na ndoo ya maji haiko shambani. Nililala nimeamua kwamba kesho nitanywea pale unapodondoka.

Siku ya pili, Alhamisi. Njia ya Kilolo

Dada mwenye nyumba ya wageni alinipa namba ya bodaboda ambaye kwao ni Kilolo. Tukashuka Ipogolo, tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Upande huu ndipo milima ya Udzungwa inapoanza, na kila kona ukungu unakuwa mzito zaidi. Mahindi yamefika kiunoni, udongo mwekundu unanata kwenye matairi. Na kando ya mashamba, kwenye mabonde, ikaanza kuonekana milanzi: vichaka vikubwa vya mianzi ya kijani iliyofungana shinani na kuinama vichwani, kila kaya na kichaka chake.

Yule kijana alinifikisha kwa babu yake mdogo, mzee wa miaka kama ya Baba, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Kamwene."

"Kamwene," nikajibu, na akacheka kwa furaha, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nilipomweleza nimetumwa na nani na kwa nini, hakuuliza zaidi. Alichukua kisu kidogo kilicholiwa na kunolewa mpaka kimebaki wembamba wa jani, akanipeleka kichakani.

Hapa nataka kueleza taratibu, kwa sababu watu wengi wanaokunywa ulanzi hawajawahi kuona unavyopatikana.

Mlanzi ni mwanzi, si mti wenye tunda. Mvua zikianza, kuelekea Desemba, shina linatoa machipukizi mapya yenye ncha kama mkuki. Chipukizi likifika kimo cha mtoto wa miaka mitano hivi, likiwa bado laini, mgema analikata ncha. Siku za kwanza hakuna la maana linalotoka. Anarudi asubuhi na jioni, kila siku, anaondoa utando mwembamba pale pale kwenye jeraha, mpaka chipukizi linakubali kutoa maji yale ambayo lingeyatumia kurefuka. Kisha analiinamisha kidogo na kulitundikia mbeta, yaani kopo lililokatwa kwenye mwanzi uleule, uliokomaa. Mwanzi unatoa kinywaji na mwanzi unakipokea.

Mzee alishusha mbeta moja, akaniachia nitazame jeraha. Nilisogeza uso mpaka karibu kabisa. Palikuwa peupe kama nazi, na kwenye ukingo wa chini maji yalikuwa yanajikusanya polepole, yanavimba, yanakuwa tone, yanabaki yananing'inia kama yanafikiri, kisha yanadondoka. Nikahesabu kimoyomoyo. Kati ya tone na tone nilifika saba, mara nyingine tisa. Nyuki wawili walikuwa wameshatua. Mzee akanyoa utando mpya, mwembamba hata mwanga unapita, na matone yakaongeza kasi mbele ya macho yangu.

"Ukinyoa nene unaua," alisema. "Ukiacha siku moja, unafunga. Mimi sijasafiri kulala nje tangu Desemba."

Mizabibu inataka hivyo hivyo. Baba hakuhudhuria harusi ya mdogo wake kwa sababu ilikuwa wiki ya mavuno.

Tukakaa kwenye gogo. Alinimiminia kwanza ule uliokusanywa usiku kucha, ambao wenyewe wanauita mtogwa. Una rangi ya maji ya kuoshea mchele. Ni mtamu, lakini utamu wake haukai juu ya ulimi, unateleza na kupotea, na nyuma yake kunabaki ubichi wa majani yaliyokatwa na kitu kama maziwa. Vipovu vidogo vinachoma ncha ya ulimi. Kilevi ni kidogo sana, kwa kuwa hamira ndiyo kwanza imeanza kazi. Hakuna anayeitia: inatoka hewani, kwenye miguu ya nyuki, na zaidi ndani ya mbeta yenyewe, ambayo haisuguliwi ikatakata kabisa. Hamira inakula sukari, inaacha kilevi na hewa ya ukaa. Ni jambo lile lile linalotokea kwenye matangi yetu ya zabibu, ila kwetu linachukua wiki na hapa linachukua masaa.

Kisha akaleta wa jana. Utamu umeshuka nusu, uchachu umepanda, vipovu ni vingi. Huu ndio nilioupenda kuliko yote. Una ukali safi wa limau bila limau, na ule ubichi wa majani umegeuka kuwa harufu ya mkate. Nilimwambia Mzee kwamba kwetu kuna zabibu nyeupe, Chenin Blanc, ambayo ikivunwa kabla haijaiva sana inatoa waini yenye makali ya namna hii. Akaniuliza inadumu muda gani. Nikamwambia miaka miwili, mitatu, ikikaa vizuri. Alinyamaza kidogo, akatazama kikombe.

"Huu kesho ni mkangafu," alisema.

Mkangafu ndio ulioiva mpaka umekomaa, mkali, kavu, unaopanda kichwani bila kubisha hodi. Alileta kimya dumu lake la siku tatu, nikaonja funda mbili. Sukari imeisha. Kuna uchungu kidogo na harufu inayoanza kuelekea siki. Wapo wanaoutaka huo tu, na siwalaumu. Unaenda vizuri na nyama ya kuchoma. Baba asingeutaka.

Nilirudi Iringa jioni nikiwa nimelowa mpaka kwenye soksi, na jambo moja limenikaa kichwani. Waini ya zabibu tunaiuliza ni ya mwaka gani. Ulanzi tunauuliza ni wa saa ngapi. Anayeuonja bila kujua saa yake hajauonja, na anayeuita pombe ya bei rahisi hajawahi kusimama kichakani akahesabu matone.

Siku ya tatu, Ijumaa. Kiwanda cha kando ya barabara

Barabara ya Mbeya. Nilipanda Coaster ya Mafinga, tukapita njia panda ya Isimila, yale mabonde ya nguzo za mchanga ambako zilipatikana zana za mawe za watu wa kale, tukapita Ifunda. Nilikuwa nimeambiwa kuna mama anatengeneza waini ya matunda kabla ya kufika Mafinga, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kibao cha mbao. Konda alijua nilikokuwa naenda kabla sijamaliza kueleza.

Chumba cha mbele ni duka: rafu moja, chupa zenye lebo na alama ya ubora ya TBS, meza yenye kitambaa cha vitenge na bilauri sita. Chumba cha nyuma ndicho kiwanda. Mapipa ya plastiki ya lita 200 yamepangwa ukutani, kila kifuniko kimetobolewa na kupachikwa mpira mwembamba ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka ikibubujika, hewa ya nje haiingii. Nilisimama nikasikiliza: blu, blu, blu, kila pipa na mwendo wake. Lililokuwa linakwenda kasi lilijazwa juzi. Lililokuwa linabubujika mara moja kwa dakika lilikuwa linakaribia kumaliza.

Nilipomwambia Mama kwamba nimetoka kwenye zabibu alifurahi, akaacha kunieleza kama mgeni na kuanza kunieleza kama fundi mwenzake. Akatoa haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo, akaitumbukiza kwenye mrija wa juisi mpya ya mapeasi iliyotiwa sukari. Ikaelea kwenye 1.090. Akaitia kwenye waini iliyokwisha kuchacha: 0.998. Tofauti hiyo ni sukari iliyoliwa, na ukipiga hesabu unapata kilevi cha kama asilimia 12.

Akaniwekea bilauri tatu na kopo la kutemea. Hilo kopo lilinifanya nimheshimu. Mwenye kiwanda anayekuwekea kopo la kutemea anataka uonje, hataki ulewe.

Ya kwanza ilikuwa ya rozela. Rangi yake nyekundu ya damu ingeaibisha zabibu zetu nyingi. Uchachu ni mkubwa, unakunja mashavu, na Mama ameutuliza kwa sukari iliyobakizwa makusudi. Kwangu ilizidi. Nilimwambia waziwazi, maana ndivyo ningependa kuambiwa: utamu ule unafunika ukakasi mzuri ulio chini yake. Akasema wateja wa mabasi wanataka tamu, ndiyo inayolipa ada ya watoto. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa isiyo na lebo. Rozela ile ile, kavu. Hiyo ilikuwa kinywaji kingine kabisa, imenyooka, na mwishoni inaacha mdomo msafi. Anaitengeneza kidogo, kwa ajili yake mwenyewe na shemeji yake. Nilimsihi aipe lebo. Nasema hata hapa: kuna watu wangeendesha gari kutoka Iringa kuifuata.

Ya pili, mapeasi. Njia nzima ya kusini msimu huu unayaona mapeasi kwenye ndoo kando ya barabara, na mengi yanaoza kwa sababu yanaiva yote kwa wakati mmoja. Waini yake ni ya dhahabu hafifu na ina ukungu usiotulia hata ukiihamisha kutoka kwenye mashapo mara tatu. Ina utamu laini uliobaki hata baada ya hamira kumaliza, nami najua sababu yake: peasi lina sorbitoli, sukari ambayo hamira haiwezi kuila. Kwa hiyo utamu huu ni wa tunda lenyewe. Harufu ni ya maganda ya peasi mkononi mwa mtu aliyelimenya sasa hivi. Hii nilimeza.

Ya tatu, asali. Ilichukua miezi mitano, kwa sababu asali ina sukari nyingi lakini haina chakula kingine cha hamira, basi inakwenda kwa kujikokota. Mama aliisaidia kwa kutia juisi kidogo ya peasi. Ni nzito, ina moshi wa mzinga ndani yake. Funda moja lilinitosha.

Nikamuuliza kama amewahi kujaribu kuweka ulanzi kwenye chupa. Akacheka akanionyesha dari: doa la rangi ya chai juu ya pipa la mwisho. Chupa tatu zilipasuka usiku mmoja. Ukiuziba ukiwa hai unalipuka. Ukiuchemsha ili kuua hamira, anasema, unapata uji wa majani. Amejaribu misimu minne.

"Baridi je?" nikamuuliza.

"Baridi inaupunguza mwendo, haiuzimishi," alisema. "Ukiwa na barafu ya kutosha, wa asubuhi utafika jioni bado ni wa asubuhi. Barafu ikiyeyuka, ndiyo basi."

Hapo ndipo nilipojua nitarudi vipi kwa Baba. Nilinunua chupa mbili za mapeasi, na ile kavu ya rozela akanipa bure, nikakataa, akakasirika, nikaichukua.

Siku ya nne, Jumamosi. Makambako na kurudi

Nililala Mafinga, kwenye harufu ya mbao mbichi ambayo Baba aliisimulia, asubuhi nikaenda mpaka Makambako kwa sababu nilitaka kuona ulanzi unaouziwa abiria. Makambako ni njia panda: Mbeya mbele, Njombe kushoto, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Baiskeli zilikuwa zinaingia na madumu ya lita 20, vifuniko vimelegezwa na povu linachuruzika ubavuni. Nilionja kwa akina mama wawili. Mmoja aliniambia bila kuulizwa, "Huu ni wa jana mchana, dada, wa leo bado haujafika." Ulikuwa wa jana mchana kweli. Nilinunua kwake lita nzima kwa ajili ya neno hilo, nikagawana na abiria wenzangu wakati tukisubiri gari la kurudi Iringa.

Mchana mzima mvua. Jioni nilitafuta deli, sanduku la kutunzia baridi, la kuazima, nikalipata kwa muuza soda karibu na soko, na barafu nikaagiza kwake za saa moja asubuhi. Nikampigia Mzee wa Kilolo kupitia mjukuu wake. Akasema njoo.

Siku ya tano, Jumapili. Kilolo, Iringa, Hombolo

Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Bodaboda alinifuata saa kumi na moja, tukapanda gizani, taa inachora ukungu mbele yetu. Mzee alikuwa ameshaanza. Alipita shina kwa shina, akimimina mbeta kwenye ndoo na kuchuja nyuki kwa kitambaa cheupe. Alionja, akatikisa kichwa kidogo.

"Mvua imeingia. Mwepesi leo. Baba yako atajua."

Alinikataza nisichukue. Nilikuwa nimelipa nauli, barafu, siku tano za shamba, na mzee alikuwa anasema nisubiri kesho nipate ule mzito. Nikamweleza kwamba kesho sina, zabibu zinaningoja. Alifikiri, kisha akaenda kwenye mashina manne yaliyo chini ya mparachichi mkubwa, ambako matone ya mvua hayafiki vizuri, akakusanya huo peke yake. Lita mbili na nusu. Bei yake ilikuwa shilingi 1,000 kwa lita, na nilipompa zaidi alinirudishia chenji.

Saa mbili nilikuwa Iringa na chupa tatu ndani ya barafu, vifuniko vimelegezwa. Basi la saa tatu. Nyang'oro nilifungua deli, nikaongeza chumvi kwenye barafu. Mtera, kwenye joto, nikafungua tena: nusu ni maji. Nikanunua mifuko minne ya maji yaliyoganda kwa wauza samaki, nikasukuma pembeni. Jirani yangu kwenye siti aliuliza kama nimebeba dawa ya hospitali.

Nilifika Hombolo saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe, amevaa shati la kanisani, na kikombe cha udongo kiko tayari kwenye kigoda. Nilimimina bila kusema kitu. Povu lilipanda, likashuka. Alinusa muda mrefu. Akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni kama anavyofanya na waini yetu mpya, akafumba macho.

"Wa asubuhi," alisema.

Kisha akanywa la pili, akageuka kunitazama.

"Usiku ilinyesha Kilolo?"

Nikamwambia ilinyesha mpaka alfajiri. Akasogeza kikombe nimwongeze.